Mbele ya Mwalimu

Mwalimu alihesabu mara ya tatu, akigusa kila alama ya daftari la mahudhurio kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayetafuta vijiwe kwenye mchele. Jibu halikubadilika. Saa thelathini na nne, hata ukitia na darasa la jioni hiyo. Sheria ilitaka arobaini.

Wanafunzi walikuwa wameshatawanyika. Ukumbi ulibaki na harufu ya makoti yaliyolowa, viti vya plastiki, na karatasi kubwa ukutani aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe: Nani hutunga sheria? Nani huzitekeleza? Nani huzitafsiri? Kwenye kiti cha mbele alikaa mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi, mkoba mapajani, akimsubiri warudi nyumbani pamoja. Juu ya mkoba iliwekwa barua iliyofika asubuhi. Mahojiano ya uraia, Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Fomu ya mahudhurio, iliyosainiwa na mwalimu, ifike ofisini kabla ya Jumatatu saa sita mchana.

Watu wengine husubiri miezi minne, mitano. Bibi alikuwa ameomba wiki sita tu zilizopita. Mtu fulani alijitoa, na jina lake likapandishwa. Ingekuwa bahati, kama si hizo saa sita.

"Bado unahesabu?" Bibi aliuliza.

"Nahesabu, Mama."

"Mimi shule sikukaa sana, lakini kitu ukikihesabu mara tatu mimi najua hakijatosha."

Mwalimu alifunga daftari. Wote wawili walijua saa hizo zilikwenda wapi. Mwezi uliopita mtoto wa Mwalimu, msichana wa miaka saba waliyemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, aliugua tetekuwanga. Baba yake alikuwa na zamu. Bibi ndiye aliyesema, "Wewe nenda kafundishe, watu ishirini hawawezi kukusubiri. Mimi nitakaa naye." Akakaa naye madarasa matatu mfululizo, akimpaka dawa na kumzuia kujikuna, huku Mwalimu akiwa ukumbini anawafundisha watu wengine haki na wajibu wa raia.

Na haraka ya Bibi haikuwa ya kujidai na pasipoti. Mdogo wake wa pekee, huko walikotoka, alianza kwa kuvimba miguu, kisha akawa hatembei, na sasa hata kwenye simu alikuwa anasema maneno matatu anapumzika. Kibali cha Bibi kilikuwa na sharti: ukikaa nje ya nchi zaidi ya wiki tatu, kimekufa. Ugonjwa wa mdogo wake haukuwa wa wiki tatu.

"Sitaki kwenda kumzika," Bibi alizoea kusema. "Kuzika watazika majirani. Nataka kwenda kumwosha nywele."

Nyuma ya ukumbi kiti kiligonga kiti. Mwanafunzi mmoja, Mpishi, alikuwa hajaondoka. Kila jioni yeye ndiye aliyepanga viti, bila kuombwa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, na vidole vyenye makovu madogo ya visu.

"Ngapi, Mwalimu?" aliuliza.

Mwalimu alitamani asimjibu. "Thelathini na nne."

Mpishi aliinua kiti kingine, akakiweka juu ya vingine taratibu.

Miezi mitatu nyuma, mezani hapo hapo, yeye alikuwa na saa thelathini na nane. Alikuwa na barua kama hii ya Bibi, na tarehe. Saa mbili zilizopungua zilikuwa za siku moja, siku ambayo mwenye mgahawa alimzuia mlangoni kwa sababu kulikuwa na wageni wengi. Alimwomba Mwalimu amwandikie. Mwalimu alimwambia, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomuuma zaidi, "Sheria ni sheria, ndugu yangu. Nikikufungulia wewe, kesho watakuja kumi." Tarehe ikapita. Jina lake likashushwa mpaka chini ya foleni: miezi kumi na minne. Na kwa kuwa saa za muhula mmoja hazihamii muhula mwingine, alianza upya kuanzia saa ya kwanza. Mkewe na mtoto walikuwa wanasubiri uraia wake ili waruhusiwe kumfuata. Mtoto huyo alijifunza kutembea kwenye kioo cha simu.

Mpishi alimaliza viti. Alipofika mlangoni alivaa kofia yake.

"Mimi sikuona kitu, Mwalimu," alisema. "Wala sikusikia kitu. Usiku mwema, Bibi."

Afadhali angemtukana.

*

Ijumaa asubuhi Mwalimu alikwenda ofisi ya uhamiaji kuomba tarehe isogezwe. Kwa miaka tisa alikuwa akiwaelekeza wanafunzi wake namna ya kwenda pale: fika mapema, vaa nadhifu, jibu ulichoulizwa, usijieleze sana. Yeye mwenyewe alikuwa hajasimama kwenye foleni ile tangu siku alipopata cheti chake.

Alipewa namba themanini na saba. Saa mbili na nusu baadaye akaitwa. Tundu la kioo lilikuwa chini mno, hivyo kila mtu, mfupi kwa mrefu, ilimlazimu kuinama ndipo asikike. Mwalimu aliinama. Ndani alikaa karani mmoja msichana, kucha zake zimepakwa rangi vizuri.

"Naomba kusogeza tarehe ya mahojiano ya mama mkwe wangu," Mwalimu alisema.

Karani aliisikia lafudhi yake. Hapo hapo sauti yake ikapanda, na maneno yakaanza kutoka moja moja, kama ya mtu anayeongea na kiziwi.

"Mama. Tarehe. Haisogezwi. Unaelewa?"

"Naelewa. Ila kuna kifungu cha ugonjwa."

"Mgonjwa ni mwombaji?"

"Ni mjukuu wake. Yeye alikuwa anamuuguza, ndiyo maana akakosa madarasa."

"Basi mwombaji ni mzima." Karani aligeuza fomu ili Mwalimu aione. "Hapa kuna kisanduku cha kuugua. Kisanduku cha kuuguza hakipo."

"Je, darasa la kufidia? Kabla ya Jumatatu?"

"Hayo muulize mwalimu wake, mama. Walimu wanajua. Mwalimu ndiye anayesaini." Kisha, labda kwa kumwonea huruma, karani alitabasamu. "Lakini unajitahidi sana lugha! Umejifunzia wapi?"

Nyuma ya Mwalimu mtu alikohoa. Alikuwa ametayarisha majibu kwa watu zaidi ya mia tatu wa kusimama mahali kama pale. Lake hakuwa amelitayarisha.

"Nimejifunzia hapa hapa," alisema, akainuka na kiuno kinamuuma.

*

Mumewe alikuwa fundi lifti. Alirudi saa kumi na moja, ovaroli imejaa grisi, akamkuta mkewe amekaa jikoni na daftari la mahudhurio mbele yake, kalamu pembeni haijafunguliwa.

"Umeshasaini?"

"Nisaini nini? Saa ambazo hakukaa?"

"Mama Chiriku, usianze." Alifungua bomba, akanawa mikono kwa sabuni ya unga. "Saa zile alikosa kwa sababu yako. Alimshika mtoto wako ili wewe uende ukafundishe. Ungebaki nyumbani wewe, yeye angekuwa na arobaini yake leo."

"Najua."

"Basi andika."

"Na yule Mpishi nimwambie nini? Yeye zilipungua mbili. Mbili tu, Baba Chiriku! Nilimwambia sheria ni sheria. Leo nimwandikie mama mkwe sita?"

"Mpishi si mama yangu."

"Ndiyo ubaya wenyewe huo."

Fundi alizima bomba kwa nguvu. "Lifti ikikwama na watu ndani, mimi sikai nje nikauliza nani alikanyaga kwanza. Nafungua mlango. Wewe ukiona mtu amekwama unachukua daftari."

Bibi alikuwa sebuleni na Chiriku, na ukuta wa nyumba ile haukuwa wa kuzuia maneno. Alikuja akasimama kwenye kizingiti.

"Mnaniongelea kama maiti," alisema. "Mimi niko hai. Mwanangu, kama haiwezekani, basi. Nitaendelea kumpigia simu mdogo wangu. Siku atakapokosa kupokea, nitajua."

Hakusema kwa kulaumu. Alirudi sebuleni, na wakamsikia Chiriku akimuuliza atajua nini siku atakapokosa kupokea, na Bibi akimwambia tupange hizi karata.

Fundi alivuta kiti. Hasira ilikuwa imempungua, au imechoka. "Hebu nipe hiyo sheria yenyewe niisome. Miaka tisa naisikia tu."

Mwalimu alimsukumia kijitabu cha kanuni. Pembe zake zilikuwa zimekunjika. Fundi alisoma kama anavyosoma ramani ya nyaya, kidole juu ya kila neno.

"'Mwombaji awe amepata saa zisizopungua arobaini za mafunzo mbele ya mwalimu aliyesajiliwa.'" Alisoma tena. "Mbele ya mwalimu. Imeandikwa wapi kwamba darasani?"

"Darasani ndiko—" Mwalimu alianza.

"Wapi?"

Alikichukua kijitabu. Alisoma kifungu kile, kisha cha juu yake, kisha cha chini yake. Miaka tisa alikuwa akikisema kwa kichwa: saa arobaini darasani. Alikisema hivyo kwa sababu waliomtangulia walikisema hivyo. Neno "darasani" halikuwemo.

"Wewe ni mwalimu aliyesajiliwa?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Mama akikaa mbele yako hapa kesho na keshokutwa, saa tatu tatu?"

Mwalimu alikwisha kuinamia kijitabu. Alikuwa anafunua kurasa haraka haraka, akihofia kukutana na kifungu kingine cha kulibomoa hilo. Hakukikuta. Alichokikuta, ukurasa wa mwisho kabisa, kilikuwa kifungu cha kumi na saba: mwalimu akikiri kwa maandishi kwamba alimkatalia mwombaji kimakosa, jina la mwombaji litarudishwa foleni mahali lilipokuwa, na saa alizokwisha kupata zitahesabiwa, naye mwalimu ataondolewa kwenye orodha ya wanaotia saini kwa mwaka mmoja.

Alikisoma mara moja. Kisha akakifunga kijitabu.

"Inawezekana," alimwambia mumewe.

*

Jumamosi na Jumapili meza ya jikoni ikawa darasa. Mwalimu aliandika muda wa kuanza na wa kumaliza, dakika kwa dakika, na mbele yake akaandika "nyumbani," kwa herufi kubwa, ili mtu asije kusema alificha.

Kufundisha wageni alikuweza. Kumfundisha mama mkwe lilikuwa jambo jingine.

"Taja wajibu mmoja wa raia."

"Kuvumilia."

"Mama."

"Huo si wajibu? Basi sijui wengine wanafanya nini siku nzima."

"Kulipa kodi. Kutii sheria. Kupiga kura si lazima, lakini ukiitaja wanafurahi. Nani hutunga sheria?"

"Wale wasiopanga foleni."

Chiriku, aliyekuwa chini ya meza na madoa ya tetekuwanga yaliyoanza kufifia, alicheka mpaka akapaliwa. Mwalimu hakucheka. "Mama, huyo afisa hana masihara. Ukimjibu hivyo atakuandikia sifuri."

Bibi alimgeukia. "Majibu nayajua, mwanangu. Majimbo nayajua yote kumi na mawili, kutoka kaskazini kushuka. Yule Mpishi amenifundisha. Aliniambia niyapange kama vyungu jikoni, hiki juu ya hiki. Kila darasa ananiuliza matatu kabla hujaingia." Akavuta kikombe chake cha chai. "Mtu yule ana moyo. Hukumwona juzi? Amejua nimepungukiwa, na hakusema hata neno."

"Tuendelee, Mama," Mwalimu alisema. "Nani huteua majaji?"

Jumatatu saa nne asubuhi fomu ilifika ofisini. Saa arobaini kamili.

*

Alhamisi Fundi aliomba ruhusa kazini akampeleka mama yake. Mwalimu alibaki na Chiriku, simu mkononi, anaipangusa kioo kila dakika kana kwamba ujumbe umejificha chini ya vumbi. Saa tano walirudi. Bibi aliingia wa kwanza, akavua viatu, akakaa kwenye kochi bila kutoa koti.

"Mama?"

"Maswali kumi. Nimepata tisa." Alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. "Moja nilikosa kwa kusudi. Aliniuliza tarehe ya katiba nikaona huyu kijana amechoka, nikamwambia sikumbuki, tumalize."

Chiriku alimrukia. Fundi aliegemea mlango, akajifuta uso kwa kiganja. Kiapo kingekuwa mwisho wa mwezi, na pasipoti wiki moja baadaye. Bibi alikuwa ameshampigia mdogo wake simu kutoka kituoni. Mdogo wake alikuwa ameongea maneno saba mfululizo.

Mwalimu alimkumbatia. Kisha akauliza kile kilichokuwa kinamkereketa tangu Jumatatu.

"Na zile saa? Waliuliza kuhusu nyumbani?"

"Saa gani?"

"Karatasi ya mahudhurio, Mama. Ile niliyosaini."

"Aa, ile." Bibi alivua koti. "Hata hakuifungua. Aliangalia kama kuna saini, akaiweka chini ya nyingine zote. Palikuwa na rundo hivi." Alionyesha kwa mkono, urefu wa goti.

Mwalimu alikaa chini. Fundi alicheka, "Unaona? Ulikuwa unajitesa bure." Lakini Mwalimu aliona kitu kingine. Hakuna mtu pale ofisini aliyekuwa amelinda mlango. Mlango wote ulikuwa yeye.

"Jumanne nitakuja darasani kuaga," Bibi alikuwa anaendelea. "Nitamwambia yule Mpishi jinsi tulivyofanya, hapa hapa mezani. Atafurahi."

"Usimwambie, Mama."

"Kwa nini?"

"Nitamwambia mwenyewe," Mwalimu alisema.

Alimweleza mumewe kuhusu kifungu cha kumi na saba walipobaki wawili, anakunja nguo. Fundi alikasirika upya. "Mwaka mzima husaini? Nani atakubakiza pale, mwalimu asiyesaini? La nyumbani limekwisha. La watu linakuhusu nini?"

"Lilinihusu siku nilipomkatalia," alisema. Aliendelea kukunja, na shati moja akalikunja mara mbili.

*

Mlango wa nyuma wa mgahawa ulifungukia uchochoro wa mapipa. Ijumaa, saa nane na nusu mchana, wateja wa mchana walikuwa wameondoka na wa jioni hawajaanza kuja. Mpishi alikuwa peke yake jikoni, anakoroga mchuzi kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Alipomwona Mwalimu alishtuka, akafuta mikono kwenye aproni.

"Bibi amefeli?"

"Amefaulu. Tisa kati ya kumi."

"Alhamdulillahi!" Uso wake wote ulifunguka. "Majimbo walimuuliza?"

Mwalimu alimweleza. Alimweleza kijitabu, neno lisilokuwepo, meza ya jikoni, na karatasi ambayo hakuna aliyeifungua. Alieleza amesimama, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa, na uso wa Mpishi ukawa unajifunga kidogo kidogo kadiri alivyosema.

"Kwa hiyo iliwezekana," Mpishi alisema.

"Iliwezekana."

"Na siku ile pia."

"Siku ile pia. Sheria haijabadilika. Mimi sikuisoma."

Mpishi alipunguza moto. Alikoroga mizunguko miwili, mitatu. "Nilikaa pale kwenye ngazi za ukumbi baada ya kunikatalia," alisema bila kumtazama. "Nikajiambia, si kosa lake, mikono yake imefungwa. Nilikuonea huruma, Mwalimu. Mimi nilikuonea huruma wewe." Akaweka mwiko pembeni. "Sasa umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja kwa sababu Bibi angekwambia Jumanne," Mwalimu alisema. Ilikuwa kweli, na hakutaka kumwongopea tena hata kidogo. "Na kwa sababu kuna kifungu." Akamsomea cha kumi na saba.

"Umekijua lini?"

"Ijumaa iliyopita."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo."

Mpishi alikwenda kwenye kabati la chuma la nguo, akatoa daftari lake la darasani, akang'oa karatasi ya katikati na kuipiga juu ya meza ya kukatia.

"Andika."

"Nitaandika leo nyumbani, Jumatatu asubuhi nita—"

"Hapa. Sasa hivi. Wanafunga saa kumi."

Mwalimu aliandika, ameinamia meza iliyonuka vitunguu. Alipomaliza Mpishi aliichukua, akaisoma midomo ikicheza.

"Umeandika 'huenda nilikosea.' Hiyo huenda ni ya nini?"

Mwalimu alihisi masikio yanawaka. "Ni lugha ya kiofisi tu."

"Futa."

"Barua ikiwa imefutwafutwa hawapokei."

Mpishi aling'oa karatasi nyingine. "Basi anza upya," alisema.

Akaanza upya. Safari hii aliandika: Nilimkatalia kimakosa. Mwombaji hakuwa na kosa lolote. Akasaini, akaandika namba yake ya usajili. Mpishi alivua aproni na kuivika shingoni mwa Mwalimu kabla hajaelewa.

"Koroga kila baada ya dakika mbili. Mchuzi ukishika chini, jikoni hapa tumekwisha wote." Naye akatoka, anakimbia.

Dakika kumi baadaye mwenye mgahawa alisukuma mlango wa mbele wa jiko, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Wewe nani? Mpishi wangu yuko wapi?"

"Ameenda ofisi ya uhamiaji."

"Saa hizi? Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

"Yako! Wewe ni nani wa kumruhusu? Akirudi namfukuza, na wewe nitakuitia polisi!"

Kwa wiki nzima Mwalimu alikuwa ameinama, kwenye kioo, kwenye daftari, kwenye meza. Alinyooka na kumnyooshea mwiko, mchuzi ukidondoka sakafuni. "Mfukuze. Haya, shika, koroga wewe."

Mtu yule alitazama mwiko, akatazama sufuria, akatazama saa ya ukutani. Aliondoka akilalama, lakini aliondoka.

Mpishi alirudi saa kumi na robo, shati limemganda mgongoni. Alikuwa na nakala ya barua iliyopigwa muhuri. Mwalimu alinyoosha mkono aione. Mpishi aliionyesha kwa mbali, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Jina linarudi," alisema akihema. "Kuna nafasi Jumatano, mwezi huu huu. Wanataka fomu ya saa arobaini. Ninazo thelathini na nane zile; za muhula huu hawazichanganyi." Akajifuta jasho. "Na wewe umeondolewa. Wamesema orodha mpya inatoka Jumatatu. Kwa hiyo nani atanisainia mbili?"

Mwalimu aliitazama saa ya ukutani. Wateja wa jioni wangeanza kuingia saa kumi na mbili na nusu.

"Orodha mpya inatoka Jumatatu," alisema. "Leo bado niko kwenye ya zamani. Leta daftari."

Mpishi alimkodolea macho. Hakutabasamu, na Mwalimu hakutegemea atabasamu. Alichukua mwiko, akaonja mchuzi, akakunja uso, akaongeza chumvi. Kisha alivuta kreti tupu kwa mguu mpaka karibu na jiko, Mwalimu akalikalia, akafungua ukurasa safi. Aliandika tarehe. Aliandika: jikoni, saa kumi na dakika ishirini.

"Nani huteua majaji?" aliuliza.

Mpishi alishika kisu na kuanza kumenya vitunguu. Alipofungua mdomo kujibu, mlango wa mbele ulisukumwa tena, na sauti ya mwenye mgahawa ikaingia kabla yake, ikidai mchuzi, ikidai sahani, ikidai kujua kama watu wanakuja pale kufanya kazi au kufanya nini.

"Subiri," Mpishi alisema bila kugeuka. "Niko darasani."